Majibu ya Damu ya Kalunde

Kisigino cha mtoto wa siku tatu hakizidi ncha ya kidole gumba changu. Usichome katikati, mfupa uko karibu. Choma pembeni, baada ya kukipasha joto kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu. Tone la kwanza lifute. La pili liache livimbe lenyewe, kisha ligusishe kwenye duara la karatasi, lilowe mpaka litokeze upande wa pili. Usiongeze tone juu ya tone. Usiguse duara kwa kidole.

Hayo, wauguzi vijana, mtayakuta kwenye vitabu vyenu, tena yameelezwa vizuri kuliko hapa. Mimi ni mstaafu, elimu yangu ni kidato cha nne na mafunzo ya kazini, na hamkuniomba niwafundishe kuchoma. Mmeniomba niandike niliyoyaona. Kubwa nililoliona ni hili: niliwahi kumwandika mtoto aliye hai kwamba amefariki, na neno hilo lilimpotezea miezi ambayo hakuna dawa ya kuirudisha. Nitafika huko. Sifiki haraka kwa sababu njia yenyewe bado naiogopa.

Kwanza mwelewe kazi ilivyokuwa. Hospitali yetu ya Tabora ilikuwa imeingizwa kwenye mradi wa majaribio. Kila mtoto aliyezaliwa pale alitolewa matone matano ya damu kwenye karatasi nene, karatasi ikakaushwa, ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa kama tezi yake ya shingo inafanya kazi. Tezi hiyo ni ndogo, imekaa kooni kama kipepeo aliyekunjua mbawa, na homoni inayotoka humo ndiyo inayoujenga ubongo. Mtoto akizaliwa bila tezi hiyo, au akiwa nayo imelala, humjui kwa kumtazama. Ananyonya kidogo, analala sana, hasumbui mtu. Majirani humsifu. Kidonge kimoja kidogo, kikisagwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama kila asubuhi tangu wiki za mwanzo, kinamfanya akue kama wenzake. Kikichelewa, mwili husubiri. Ubongo hausubiri.

Aliyenifundisha ni Mama Zuwena, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Alitoka katika zile familia za Waarabu wa Tabora ambazo zilikuwa na maduka kabla reli haijafika, na alikuwa na ulimi wa dukani: mfupi, haupunguzi bei. Siku ya kwanza alinisimamia nikimminya mtoto mguu ili damu itoke haraka. Akanishika kiganja.

"Fidelis, huyo si nyanya. Ukimminya unapata maji na damu pamoja, kule Dar watapima maji."

"Damu haitoki, mama."

"Itatoka. Ina haraka ya kwenda wapi?"

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Masika ya kwanza kadi hazikukauka, nikachukua pasi ya mkaa nikazipiga pasi kama shati la Jumapili. Zilirudi zote na barua kwamba sampuli zimeungua, na mtu mmoja wa huko akaongeza kwa mkono wake, kwa wino mwekundu: mnapika? Mara nyingine niliziacha juu ya meza usiku kucha, asubuhi nikakuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka dirishani, wamekula maduara mawili ya mtoto wa Puge na kuacha tundu safi kama la kutobolewa. Tangu hapo miguu ya meza ilikaa ndani ya makopo ya mafuta ya taa. Na kuna konda wa basi aliyekataa bahasha yangu alipojua kilichomo. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipima uzito, akauliza, "Humu mna watu wangapi?" Nikamwambia thelathini na wawili. Akairudisha. "Basi limejaa, mzee."

Mtacheka. Hata mimi nacheka. Lakini chumba cha kukaushia hakikuwa cha kuchekesha.

Kilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya jengo la zamani, dirisha lake halipati jua, na ndiyo sababu tulikichagua, kwa kuwa jua huiharibu damu. Kadi zililazwa kwenye fito za mbao, zisigusane. Asubuhi matone yalikuwa mekundu. Kufikia alasiri yalikuwa yamekuwa rangi ya tumbaku iliyoiva banini, kibanda cha kuikaushia. Kadi thelathini, kila moja maduara matano. Ukiingia ghafla unahisi kuna waliokuwa wakizungumza wamenyamaza. Mama wa usafi, aliyeitwa Tatu, alikuwa akifagia korido yote mpaka kizingiti cha chumba kile, kisha anasimama anagonga mlango ulio wazi.

"Hodi humo."

"Unampigia nani hodi, Tatu? Mimi niko nyuma yako."

"Wenyewe," alisema, na hakuingia mpaka apate moyo.

Sikumkaripia. Ninyi mnaotoka vyuoni msimcheke mtu wa namna hiyo. Tabora iko juu ya njia ya misafara. Kila kitu kilichotoka bara kwenda pwani kilipita hapa: pembe, nta, chumvi ya Uvinza, na watu. Watoto wa huku walikua wakisikia kwamba ukitajwa jina na mgeni anayehesabu, umekwenda. Baadaye ikaja hofu ya mumiani, wanyonya damu wenye magari. Sasa fikirini: mzee anapita vitandani na sindano, anachukua damu ya mtoto mchanga, anauliza jina, anaandika, na kesho damu na jina vinasafiri kwenda pwani kwa bahasha. Ningekuwa bibi wa kijijini ningeniogopa mimi mwenyewe.

Bibi huyo alikuja. Aliitwa Skolastika, mkulima wa tumbaku kutoka Usoke, ana rozari shingoni na miguu yenye vumbi la reli. Mkwe wake alikuwa amejifungua kwa upasuaji na kukaa nasi siku tatu. Nilipofika kitandani mkwe alikuwa amelala, ameugeukia ukuta. Bibi amempakata mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa sindano?"

"Ndiye mimi."

"Damu unaipeleka wapi?"

"Dar es Salaam, ikapimwe."

"Pwani."

"Ndiyo, pwani."

Akamfunika mtoto vizuri. "Babu zetu walisema waliopelekwa pwani kwa njia hii waliandikwa kwanza. Hakurudi hata mmoja kutuambia alifika."

"Hii ni karatasi tu, mama. Inapanda basi."

"Nao walikwenda kwa miguu. Mimi sisemi habari ya usafiri."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikachoma. Wengi hupiga kelele mpaka wodi nzima igeuke. Huyu alitoa sauti moja tu, nzito, ya chini, kama bawaba ya mlango wa zamani, kisha akanyamaza akinitazama.

"Mpole huyu," bibi alisema. "Tangu azaliwe hajatuamsha."

"Jina la mtoto?"

Akamtazama mkwe wake aliyelala. Akanitazama mimi. "Kalunde."

"Jina la mama yake?"

"Nyamizi."

"Mwenye kaya?"

"Mihambo. Usoke, ng'ambo ya reli, kwenye mabani."

"Namba ya simu?"

"Sina simu."

Utaratibu ulikuwa wazi: majina ya kadi yanakiliwa kwenye faili la mama, hayaulizwi kwa mdomo. Faili lilikuwa kwa daktari, vyumba viwili kutoka pale. Nilitaka nimalize kabla ya chai. Hilo ndilo kosa la kwanza na wala si kubwa. Ningeweza kulirekebisha.

Siku ya kumi na sita baada ya kuchoma, simu ikapigwa kutoka Dar. Mtoto Kalunde wa Usoke, kipimo kiko juu sana, mtafuteni leo. Tangu mradi uanze tulikuwa tumepata mmoja tu kabla yake, mvulana wa Ziba, na tuliwahi. Nilimwona huyo mwaka jana akichunga ng'ombe, akanitukana kwa ulimi mwepesi kwa sababu ya ng'ombe mpotevu ambaye hata si wangu. Hata siku ile nilijua ninachokimbilia. Nilichukua dawa mfukoni nikapanda gari la kwanza.

Usoke nilifika mvua inanyesha. Gari lile lile lingegeuka baada ya muda mfupi, na halikuwepo jingine siku hiyo. Nikavuka reli, nikapita kwenye matope mpaka kwenye kaya yenye mabani mawili. Chini ya upenu alikaa mwanamume wa miaka thelathini hivi anafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Jina lake Mathias. Tukaamkiana kwa Kinyamwezi, akanisogezea kigoda.

"Natafuta kwa Mihambo."

"Ndipo hapa. Mihambo alikuwa babu yetu."

"Namtaka Kalunde. Kalunde wa Mihambo."

Mikono yake ikasimama. "Kalunde?"

"Natoka hospitali, Tabora. Nimeleta majibu yake ya damu."

"Majibu ya damu ya Kalunde," alisema polepole, kama mtu anayerudia maneno ya lugha asiyoijua.

"Yanahusu tezi, hapa." Nikajishika shingoni.

Hapo nilivunja utaratibu mwingine, kwa kuwa majibu ya mgonjwa hayasemwi kwa mtu usiyemjua. Mathias aliutazama mkono wangu ulipokuwa, hakuuondolea macho. Akaweka kijiti chini.

"Mzee, Kalunde amekufa."

"Amekufa?"

"Kaburi lake lile, pale kwenye minyaa."

Nikatazama. Nje ya uwanja, ng'ambo ya shimo la mbolea lililojaa maji, palikuwa na ua wa minyaa na chini yake mawe. Mvua ilikuwa pazia. Niliona mawe, niliona kijani, nikaona nimeona. Kutoka upenuni mpaka pale ni hatua arobaini. Barabarani gari lilianza kupiga honi.

"Poleni sana," nikasema.

"Tumeshapoa."

Wakati huo sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa. Nzito, ya chini, mara moja tu. Nilidhani ni mbuzi mchanga.

"Mbuzi wenu amezaa?" niliuliza, ili tu nisiondoke bila neno.

Mathias akautazama mlango, kisha akanitazama mimi. "Hatufugi mbuzi."

Nikaondoka. Nawaambia kama ilivyokuwa: nilisikia jibu hilo, na bado niliondoka, kwa sababu ya honi na viatu vilivyolowa, na kwa sababu nilidhani mtu mwenye msiba hahojiwi. Kwenye gari nilijiambia tumechelewa, basi, Mungu amemtwaa. Nilipofika niliandika daftarini, mbele ya jina Kalunde, neno moja: amefariki. Nikapiga mhuri. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hiyo.

Miezi minane ikapita. Katika miezi hiyo nilichoma mamia ya visigino na nikawa fundi kweli. Mama Zuwena alianza kuniletea wauguzi wapya niwafundishe.

Asubuhi moja akaniita kliniki. "Njoo umtazame huyu, usiseme kitu."

Mama kijana amekaa kwenye benchi, mtoto mgongoni. Alipomfungua nilijua kabla sijamgusa. Ulimi umejaa kinywani, kitovu kimetokeza, ngozi kavu ya baridi kama ukuta wa chumba kisichokaliwa. Shingo haishiki kichwa. Macho yametulia, yanatazama mbali. Hakulia. Alitoa sauti moja, nzito, ya chini.

"Jina la mtoto?" Mama Zuwena aliuliza.

"Kabula."

"Na wewe?"

"Monika."

Nikafungua daftari, nikatafuta Kabula wa Monika. Hakuwepo. Nitawaambia kitu cha aibu: nilifurahi. Nilijisemea huyu hakupimwa kwetu, labda alizaliwa nyumbani, kosa si letu.

"Ulijifungulia wapi?" nikamuuliza.

"Hapa hapa. Kwa kisu. Sikumbuki mengi, nilikuwa nalala tu." Akanitazama. "Mama mkwe aliniambia mtoto alichomwa kisigino na mzee mmoja mrefu mwenye kovu kwenye kidevu."

Mama Zuwena hakuhitaji kutazama kidevu changu. Alilivuta daftari, akamuuliza Monika wiki ya kujifungua, akashuka kwa kidole mpaka akafika. Mtoto mmoja tu wa Usoke wiki ile.

"Nani Kalunde?" akauliza.

Monika aliduwaa. "Kalunde ni mama mkwe wa mama mkwe wangu. Bibi wa mume wangu. Alifariki hata mume wangu hajazaliwa."

"Na Nyamizi?"

"Mama yake huyo Kalunde. Wa zamani zaidi. Hayo majina mmeyapata wapi?"

Kisha akatusimulia, bila kujua anatusimulia nini. Siku moja, mtoto akiwa na wiki mbili na kitu, alikuwa ndani anamnyonyesha, akasikia sauti ya mwanamume uani anamuulizia Kalunde. Anasema ameleta majibu ya damu yake, ya tezi ya shingo. Na Kalunde huyo, kila mtu Usoke anajua, alikufa na rovu shingoni kubwa kama kibuyu, maana enzi zile chumvi waliyokula haikuwa na madini joto. Shemeji Mathias hakurudia tumbaku yake mpaka jioni. Bibi Skolastika aliporudi shambani akaambiwa, akakaa chini palepale. Yeye peke yake alijua jina lile lilifikaje hospitali. Alikuwa amelitoa jina la marehemu ili damu ikitumiwa kwa ubaya, ubaya umwendee aliyekwisha kufa. Na sasa watu wa damu wamerudi wanasema wamemwona Kalunde ndani ya karatasi, na shingo yake mbovu. Kwake ulikuwa ushahidi kamili. Akakataza mtoto asipelekwe kliniki yoyote, asipimwe uzito, asichanjwe, jina lake lisitajwe mbele ya mgeni. Monika alitii mpaka alipoona watoto wa majirani wanakaa na wake anamwagika kama uji. Akadanganya kwamba anakwenda kwao Urambo, akapanda treni ya upande wa pili.

Angalieni lilivyofungwa fundo hilo. Bibi alidanganya jina kwa mapenzi. Mimi nikaenda na jina hilo mpaka mlangoni kwao, nikamshika marehemu shingo mbele ya watu wake, nikamfungia mtoto mlango wa kliniki zote za wilaya.

Nilichukua kalamu. Nilitaka kulichorachora neno lile lisisomeke. Mama Zuwena akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Usifute."

"Mama, ni aibu."

"Ndiyo. Piga mstari mmoja, lisomeke chini yake. Weka sahihi na tarehe ya leo. Chini andika: yu hai. Halafu mgeukie mama yake, umwambie mwenyewe. Mimi sitakusaidia kusema."

Nilimgeukia. Nilimwambia kwamba sauti aliyoisikia uani ilikuwa yangu, na mfukoni nilikuwa na dawa.

Monika alimrekebisha mtoto kichwa.

"Kwa hiyo ulifika Usoke," akasema.

"Nilifika."

"Ulifika mpaka kwetu."

"Mpaka upenuni."

"Ukarudi."

"Nikarudi."

Mpaka leo hajalirudia. Siku hiyo hiyo Kabula alipewa kidonge cha kwanza. Baada ya wiki tatu ngozi ilipata joto, ulimi ukarudi mahali pake, akalia kilio cha mtoto wa kawaida, na wauguzi wakapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje. Nilijua mwili umeitikia, na nilijua kilichokuwa hakitaitikia.

Kuhusu daftari, kuna jambo mnapaswa kulijua mtakapolikuta kwenye kabati la nyaraka. Ili dawa zitoke, jalada lilipaswa kufuata namba ya kadi, na kadi ilikuwa ya Kalunde. Kwa hiyo kwa muda mrefu kwenye dirisha la dawa mtoto aliitwa kwa jina la marehemu. "Kalunde wa Mihambo." Monika anainuka, amebeba mtoto. Wazee wa Usoke waliokuwa kwenye foleni waligeuza nyuso. Nilipigania jina libadilishwe, likabadilishwa. Lakini yale ya nyuma yako palepale: amefariki, mstari mmoja, yu hai, na chini yake orodha ndefu ya vidonge alivyochukua mwanamke aliyekufa.

Nilianza kwenda Usoke kila mwaka, kisha mara mbili kwa mwaka. Hakuna aliyenituma. Mara ya kwanza Bibi Skolastika aliingia ndani aliponiona. Mara ya pili alinipa kigoda. Mara ya tatu alinipa viazi vitamu. Ni yeye aliyesimamia dawa. Kila alfajiri alikisaga kidonge kati ya vijiko viwili, na Monika ameniapia kwamba bibi hakuruka hata siku moja, hata siku ya mazishi ya mumewe. Kabula alipofika miaka sita na shule ikamrudisha nyumbani, nilimkuta bibi barazani.

"Wewe, Fidelis. Kaa." Alikuwa amezoea kuniita hivyo, kama mwanawe. "Nilimpa jina la marehemu ili mkitaka kumdhuru mumkose."

"Najua, mama."

"Mkamkosa. Mlipotaka kumponya, mkamkosa pia." Akasafisha kijiko kwa ncha ya kanga. "Nikuulize. Siku ile ungekwenda mpaka pale kwenye minyaa, ungejua?"

Ningeweza kusema mvua. Ningeweza kusema gari.

"Ningejua. Kaburi la miaka mingi halifanani na kaburi la juzi."

"Na mtoto angesoma?"

"Angesoma, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. "Basi tuko wawili," akasema, akaendelea na kijiko chake.

Ninyi vijana sasa mna namba za utambulisho kwenye vifundo vya miguu ya watoto, mna simu zinazosoma mistari myeusi, majina hayawasumbui sana. Vizuri. Lakini hamjaacha kuuliza, na watu hawajaacha kuogopa. Bibi akisita kabla ya kutaja jina, acha kalamu, keti, muulize anaogopa nini. Mpe jibu la kweli kuhusu damu inakokwenda. Mtoto mpole mno, mtazame mara mbili. Faili likiwa vyumba viwili mbali, lifuate. Na kabla hujaandika lile neno, nenda ulione kaburi. Uliza la nani, lina muda gani. Nyasi hazidanganyi.

Bibi Skolastika alifariki mwaka jana, baada ya mavuno. Habari zilinifikia mazishi yamepita, nikaenda kutoa pole. Mathias yuko vilevile, mvi kidogo. Monika aliniambia wamemlaza kwenye minyaa, karibu na mama mkwe wake. Miaka yote ile ya kwenda na kurudi sikuwahi kuuendea ua ule. Nilikuwa nakaa kigodani nimeupa mgongo.

"Kabula," Monika akaita, "mpeleke babu akamwone bibi."

Kabula sasa ni msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu kama wenzake, nywele zimesukwa vizuri. Sauti yake bado nzito. Maneno yanakuja moja moja, kama mtu anayechota maji kisima cha mbali. Alinipa mkono, akasema, "Shikamoo, babu," nikaitikia, akanivuta.

Mama yake amemfundisha kuhesabu hatua anapokwenda kisimani asipotee, na anajua mpaka kumi. Akifika kumi anaanza upya. Tulishuka upenuni. Akaanza kwa sauti, akikanyaga kwa nguvu kila namba: moja, mbili, tatu. Kwenye kumi alisimama, akanitazama aone kama nimefurahi, akaanza tena. Tukapita shimo la mbolea, limekauka. Akafika kumi ya pili. Nikaanza kuona mawe, yameota kuvu ya kijivu, na mashina ya minyaa mazito kama paja la mtu, yamelikumbatia kaburi la Kalunde kiasi kwamba jiwe moja limemezwa ndani ya mti. Hata kwenye mvua mtu angeona. Akafika kumi ya tatu.

Nimewaambia arobaini. Nimekuwa nikiwaambia watu arobaini miaka yote hii.

"Moja," Kabula akasema, akasimama. Tulikuwa tumefika.